Funguo zilikuwa mfukoni mwangu: tunajifunzaje kutokana na matukio ya mahandakini?

#1 Fundi wa Upepo (Buhongwa, Mwanza)

Wakuu, heshima kwenu, na shikamooni wote mlionitangulia.

Mimi ni fundi wa feni na mabomba ya hewa katika mgodi mmoja wa chini ya ardhi hapa Kanda ya Ziwa. Njia yetu ya kushukia mgodini ni barabara kamili: ina taa, ina vibao, ina kona kali, magari hupishana kwenye nafasi zilizochongwa ubavuni, na juu ya kichwa kuna mwamba badala ya mbingu. Kwa hiyo ninapozungumzia mahandaki ya magari, sizungumzii jambo nililolisoma tu.

Usiku mmoja, katikati ya shifti, bomba la mafuta ya haidroliki la mtambo wa kupakia mawe lilipasuka, mafuta yakarukia injini iliyokuwa ya moto, na mtambo ukawaka. Mimi nilikuwa mita kama 80 juu yake, nimeegesha Land Cruiser ukutani, ninaning'iniza kipande kipya cha bomba la turubai. Nilipouona moshi nilifanya kile ambacho mikono yangu imekizoea kila ninapoegesha gari sokoni: nilizima injini, nikachomoa funguo, nikazitia mfukoni, kisha nikakimbilia chumba cha kujiokolea. Kikosi cha uokoaji kiliposhuka kiliikuta Land Cruiser hiyo imebana njia mahali ambapo gari lao haliwezi kupita, na usukani umejifunga. Wakalazimika kuliacha gari lao na kushuka kwa miguu, mitungi ya hewa mgongoni, huku mwendeshaji wa mtambo akiwa amejikunyata upande wa pili wa moto na kifaa cha hewa ya dharura ambacho dakika zake zinahesabika. Alitoka hai. Alilazwa siku 2 kwa sababu ya moshi, akarudi kazini.

Asubuhi tulipewa fomu ya taarifa ya tukio. Niliikalia kwa muda mrefu, kwa sababu hakuna aliyeniona nikichomoa funguo, na ningeweza kuandika kwamba gari lilizimika lenyewe kwa kukosa hewa. Niliandika kweli. Msimamizi aliisoma nikiwa nimesimama mbele yake, akaniuliza swali moja tu: ni nani aliyewahi kukufundisha kwamba chini unaacha funguo kwenye gari? Nikafikiri, nikaona hakuna. Kabla ya wiki kwisha, funguo za magari yote ya chini zilikuwa zimefungwa kwa mnyororo mfupi kwenye shina la usukani, na hata ukitaka kuondoka nazo huwezi.

Ninauanzisha uzi huu kwa sababu ya fomu ile. Ninaamini kwamba tukio ambalo halikuua mtu, likielezwa na mhusika mwenyewe bila kuogopa, lina mafunzo mengi kuliko ajali iliyoondoka na mashahidi wake. Na kwamba sisi watu wa Ziwa tunayapoteza matukio hayo kila siku kwa kusema "tunamshukuru Mungu, hakuna aliyeumia", kisha kila mtu akaenda zake.

Tazameni handaki la Mont Blanc, lenye urefu wa kilomita 11.6 kati ya Ufaransa na Italia. Tarehe 24 Machi 1999 lori liliingia kutoka upande wa Ufaransa, likaanza kutoa moshi, na dereva akalisimamisha karibu na katikati. Watu 39 walifariki, na moto ule uliwaka kwa saa 53. Lori hilo lilikuwa limebeba unga na majarini. Hakuna askari wa barabarani ambaye angelisimamisha kwa ajili ya mzigo huo, na halikuwa na kibao chochote cha hatari, kwa sababu unga na majarini ni vitu vya jikoni.

Linalonisumbua zaidi, kama mtu wa hewa, ni jambo jingine. Handaki hilo lilikuwa na waendeshaji wawili, kampuni moja upande wa Ufaransa na nyingine upande wa Italia, kila moja ikiwa na chumba chake cha kuongozea mitambo. Baadhi ya njia za hewa ziliweza kugeuzwa, ama zivute moshi, ama zilete hewa safi. Upande wa Italia ziliwekwa zilete hewa safi, kwa nia njema ya kuwapa pumzi watu walionaswa ndani. Hewa hiyo, ikiongezewa na mkondo uliokuwa tayari ukielekea Ufaransa, iliusukuma moshi juu ya magari yaliyokuwa yamepanga foleni nyuma ya lori, na waliofariki walikuwa upande huo. Wengi walikutwa ndani ya magari yao. Hata vyumba vya kujihifadhi vilivyokuwepo havikuwa vimejengwa kustahimili moto wa muda mrefu hivyo, wala havikuwa na njia ya kutokea nje.

Ninaposoma habari za mtu aliyebonyeza kitufe cha hewa safi siku ile, mkono wangu unakufa ganzi, kwa sababu nami, nikiwa sijui ninachokijua leo, ningebonyeza hichohicho.

Karibuni tujadili kwa hoja.

#2 Baharia Mstaafu (Kirumba)

Marahaba, mwanangu. Umeandika juu ya milima ya Ulaya lakini mimi nimekusoma nikiwa ninaitazama Ghuba ya Mwanza, na sikuweza kuendelea na chai yangu.

Nyinyi vijana mnaijua tarehe 21 Mei 1996 kwa kuambiwa. Sisi tuliokuwa katika kazi za ziwani tunaijua kwa majina ya wenzetu. MV Bukoba ilipopinduka, ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza, haikuzama mara moja. Ilibaki ikielea, chini juu, kwa sababu hewa ilikuwa imenaswa ndani yake, na watu walisikika wakigonga bati kutoka ndani. Waliokuja kuokoa walitoboa tundu ili wawatoe. Hewa ikatoka kupitia tundu lile, meli ikashuka. Hewa iliyokuwa ikiibeba meli na hewa waliyokuwa wakivuta wale waliogonga ilikuwa ni moja, na aliyeshika mashine ya kutobolea alikuwa anafanya kazi ya huruma. Ukipita Igoma kwenye makaburi yao utaelewa kwa nini sikubali mtu aseme kwamba kuokoa ni moyo tu. Kuokoa ni kujua hewa iko wapi na itaenda wapi ukigusa kitu.

Kuhusu hoja yako ya matukio yasiyoua, nitasema nililoliona mwenyewe, na vyombo sitavitaja. Nilifanya safari nyingi ambazo watu walizidi, mizigo ikapangwa upande mmoja kwa sababu ndiko kuliko na mlango wa karibu, na chombo kikaegemea tangu gatini hadi gatini. Tulifika. Kila tulipofika, nahodha alipongezwa kwa uhodari wake. Sikuwahi kuona karatasi hata moja iliyosema kwamba leo tumeegemea kiasi hiki na sababu ni hii. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka kikiwa kinakaribia Ukara, na watu 228 wakafariki. Siku 2 baadaye fundi wa mitambo alitolewa humo akiwa hai, kwa sababu alipokuwa amenasia palikuwa na hewa. Niliposikia habari ya fundi yule nililia, kwa furaha na kwa uchungu wa miaka 22.

#3 Dereva wa Nyakato

Fundi, heshima yako, na mzee wangu wa Kirumba, shikamoo.

Mimi ninaendesha semitrela, na mzigo wangu kwa kawaida ni marobota ya pamba na magunia ya mashudu kwenda Dar es Salaam, na kurudi ninabeba chochote tajiri atakachopata. Nina maswali mawili ya dhati.

La kwanza: ikiwa unga na majarini vimeua watu 39, basi pamba yangu ni nini? Sisi tumefundishwa kwamba mzigo wa hatari ni mafuta na gesi. Baada ya lori la mafuta kulipuka Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, na watu takriban 100 kupoteza maisha, kila dereva ninayemjua analikimbia tenki la mafuta likianguka. Hakuna anayelikimbia lori la pamba.

La pili ni hilo la funguo. Kaka, ninakuelewa, lakini wewe uko mgodini ambako kila anayeingia amesajiliwa getini. Mimi nikiacha funguo kwenye gari lenye mzigo, nikakimbia moshi, nikirudi nikakuta gari halipo, tajiri atanikata mshahara mpaka nizeeke. Unaniambia nifanyeje?

#4 Fundi wa Upepo

Dereva, swali la kwanza ninalo jibu, la pili naomba unipe muda kidogo, kwa sababu ni gumu kuliko linavyoonekana.

Mwaka 2003 watafiti walikwenda Norway kwenye handaki la barabara lililoachwa kutumika, linaitwa Runehamar, wakaweka humo mizigo ya kawaida ya malori, kama vile mbao, plastiki na samani, wakaiwasha kwa makusudi huku wakipima. Hakukuwa na petroli humo, wala gesi. Jaribio kubwa kuliko yote lilifikia megawati 200 na ushei. Ili uipate picha, mitambo ya umeme ya Kidatu ina uwezo wa megawati 204. Gari dogo likiungua hutoa kama megawati 5. Kwa hiyo semitrela moja yenye mzigo wa kawaida, ikiwaka yote mahali palipofungwa, inatoa joto linalokaribia nguvu ya Kidatu nzima ndani ya bomba lenye upana wa njia mbili. Pamba yako, ndugu yangu, sitaiita mzigo salama, na matairi yako pia. Katika handaki la Gotthard huko Uswisi, tarehe 24 Oktoba 2001, malori mawili yaligongana, mojawapo likiwa limebeba matairi, na watu 11 walifariki.

Moshi una tabia yake, na naomba mnivumilie hapa kwa sababu ndiyo kazi yangu. Ukiwa moto hupanda darini na kusafiri kama blanketi, na chini yake mtu anaweza kutembea akiona mbele. Kadiri unavyosafiri hupoa, hushuka, na hatimaye hujaza njia yote. Feni zikiisukuma hewa upande mmoja kwa kasi ya takriban mita 3 kwa sekunde, moshi haurudi nyuma, na waliokwama nyuma ya moto wanabaki kwenye hewa safi. Mpango huo unafaa pale ambapo magari yote yanaelekea upande mmoja, kwa kuwa walio mbele ya moto wanaendelea na safari na kutoka. Lakini katika handaki la njia mbili, kila upande wa moto una watu, na kokote utakakosukumia moshi kuna mtu. Mont Blanc ni la njia mbili. Njia yetu ya mgodini ni ya njia mbili. Kwa hiyo kabla hujagusa feni unapaswa kujua watu wako wapi, na utajuaje ikiwa hujawahi kufanya zoezi ukiwa na utulivu?

#5 Mwanafunzi wa Uhandisi (Capripoint)

Naomba niongeze kisa ambacho hakina moto, kwa sababu naona mjadala unaelekea kudhani kwamba moto ndio adui pekee.

Tarehe 2 Desemba 2012, huko Japani, katika handaki la Sasago, mabamba ya zege yaliyokuwa yametundikwa darini ili kutenganisha njia ya hewa yaliporomoka juu ya magari, na watu 9 walifariki. Handaki lilikuwa limefunguliwa mwaka 1977. Mabamba hayo yalishikiliwa na bolti zilizogandishwa kwenye mwamba kwa gundi maalumu, na bolti hizo zilikuwa zimelegea pole pole bila mtu kusikia. Ninasema kusikia kwa makusudi. Njia ya kuzikagua bolti za namna hiyo ni fundi kupanda juu, kuigonga kila moja kwa nyundo, na kusikiliza: iliyo imara hulia kali, iliyolegea hulia kama debe tupu. Ukaguzi uliotangulia ajali ulikuwa wa kutazama kutoka chini. Baada ya ajali hiyo Japani iliweka sharti kwamba mahandaki na madaraja yote ya barabara yakaguliwe kwa karibu kila baada ya miaka 5.

#6 Fundi wa Upepo

Mdogo wangu, umenifurahisha sana. Nasi mgodini hatuingii sehemu mpya kabla ya kuugonga mwamba wa juu kwa mtaimbo na kusikiliza. Anayefundishwa kazi hupewa mtaimbo siku ya kwanza, na mzee wa zamu humfumba macho ili asitegemee kuona.

#7 Mkazi wa Igoma

Ninaheshimu michango yenu, lakini nina upinzani wa mambo mawili, na ningependa yajibiwe bila kuzungukwa.

Kwanza, Mwanza haina handaki la magari. Tuna miamba, tuna mabasi, tuna bodaboda, na tuna barabara ambazo watu wanagongwa juu yake mchana kweupe. Kujadili milima ya Alpi ni kuacha mbachao kwa msala upitao.

Pili, na hili linanikera zaidi, mnasifu taarifa zisizomwadhibu mtu. Nchi hii ina madereva wanaojua kabisa wanachokifanya. Mtu anayepita gari jingine kwenye kona, akaua, kisha akajaza fomu nzuri, mnataka apewe mnyororo wa funguo? Waliofiwa wanataka haki.

#8 Fundi wa Upepo

Mkazi wa Igoma, asante kwa kusema wazi.

Kuhusu la kwanza, nikubali kwamba handaki la magari ya umma hapa jijini hatuna. Lakini reli ya kisasa tunayoisubiri ifike Mwanza tayari inapita ndani ya mahandaki huko Kilosa, na abiria wa kwetu watapita humo wakiwa wamelala. Chini ya ardhi ya Kanda hii watu wanaendesha magari kila siku na kila usiku. Na tangu Juni 2025 tuna daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita 3, ambalo limetuondolea foleni ya kivuko tuliyoizoea tangu utotoni. Daraja si handaki, moshi wake unakwenda na upepo wa ziwa, na ninashukuru kwa hilo. Lakini ukiwa katikati yake, mbele yako lori linawaka na nyuma yako basi limekuganda, swali linalokukabili ni lilelile: utoke garini au ubaki, uelekee wapi, na gari la zimamoto litapita wapi ikiwa kila mtu amesogea kuona?

Kuhusu la pili, sijasema asiadhibiwe. Nimesema kwamba mambo mawili haya yasifungwe kamba moja. Baada ya Mont Blanc, tume ya pamoja ya Ufaransa na Italia ilitoa ripoti yake ya kiufundi mwaka huohuo wa 1999. Umoja wa Ulaya ulitoa sheria ya usalama wa mahandaki mwaka 2004, na humo iliamriwa kwamba kila handaki linalohusika liwe na ofisa wa usalama, kwamba mazoezi makubwa yafanywe angalau mara moja kila baada ya miaka 4, na kwamba katika mahandaki mapya yanayohitaji milango ya dharura, umbali kati ya mlango na mlango usizidi mita 500. Hukumu ya kesi ya moto huo, katika mahakama ya Bonneville kule Ufaransa, ilitolewa mwaka 2005. Tazama mpangilio huo: somo halikusubiri hukumu, na hukumu haikufutwa na somo. Lingesubiri, miaka 6 ingepita watu wakiendelea kuendesha ndani ya makosa yaleyale. Kwetu uchunguzi tunaouzoea barabarani ni wa polisi, na kazi ya polisi ni kumpata mkosaji. Akishapatikana, faili linakwenda mahakamani, na yale maswali ya kwa nini kibao hakikuonekana au kwa nini gari lilipita ukaguzi likiwa na breki mbovu yanabaki humo ndani ya faili.

Norway wana tume inayochunguza ajali za usafiri, za barabarani zikiwemo, ambayo kazi yake ni usalama na si kumtafuta wa kumtwisha lawama. Tarehe 5 Agosti 2013 lori liliwaka katika handaki la Gudvanga, la kilomita 11.4. Feni ziliendeshwa kwa upande uliokuwa umeshaamuliwa kwenye mpango, na moshi ukawafikia watu 67 waliokuwa bado ndani. Wote walitoka hai, baadhi wakiwa wameumizwa vibaya na moshi. Tume haikusema "tushukuru, hakuna aliyekufa". Iliwahoji waliotembea gizani wakipapasa ukuta, ikauliza walijua nini na saa ngapi, ikaandika ripoti nzima juu ya ajali isiyoua hata mmoja. Sitaficha upande wa pili: miaka 2 baadaye, Agosti 2015, basi la watalii liliwaka katika handaki lilelile, na safari hiyo pia watu walinusurika. Ripoti peke yake haibadilishi feni, na anayeisoma lazima awe na fungu la fedha na tarehe ya kumaliza.

#9 Mama wa Sengerema

Hamjambo wana jukwaa. Mimi si fundi wala dereva. Ninauza dagaa Mwaloni, ninavuka Kigongo–Busisi karibu kila wiki kwa Coaster, na wanangu wawili wanapanda gari la shule. Nimesoma yote kwa makini. Naomba mtu aniambie jambo la abiria. Gari limesimama, moshi unaonekana mbele, kondakta anasema "tulieni, tutaondoka sasa hivi". Mimi nimempakata mtoto na chini nina ndoo mbili za dagaa. Nifanye nini?

#10 Fundi wa Upepo

Dada, swali lako ndilo lililopaswa kuwa la kwanza katika uzi huu.

Ndani ya handaki, toka garini mapema, wakati bado unaona, na uziache ndoo. Katika Gotthard kulikuwa na njia ndogo ya pembeni iliyochimbwa sambamba na handaki, na wengi walionusurika ni wale waliotoka wakaifuata milango yake. Gari humpa mtu hisia ya nyumba, vioo vimefungwa, mali iko karibu, na mtu hungoja. Moshi hauhitaji dirisha wazi, na injini yenyewe huzimika ikikosa hewa, kwa hiyo hata anayejaribu kugeuza gari hukwama akiwa ameziba wengine. Tembea kuelekea mbali na moto, mkono mmoja ukutani, umeinama, mtoto uso wake ukiwa kifuani mwako. Darajani, rudi kwa miguu upande upepo unakotoka, usibaki kutazama, kisha mpigie simu Zimamoto kwa namba 114 ukitaja upande gani wa daraja, kwa sababu gari litakalotoka Mwanza na litakalotoka Sengerema si moja.

Kuhusu gari la shule, nitakuambia jambo moja ambalo huwa ninalifikiria nikiwapeleka wangu. Tarehe 13 Machi 2012, katika handaki moja karibu na Sierre, Uswisi, basi la wanafunzi waliokuwa wakirudi Ubelgiji liliacha njia yake na kugonga ukuta wa mwisho wa kituo cha kuegeshea magari ya dharura. Walifariki watu 28, watoto 22. Kituo hicho kilikuwa kimejengwa kwa ajili ya usalama, ili gari bovu lisizibe njia, lakini ukuta wake wa mwisho ulisimama wima kama ukuta wa nyumba, ukimkabili anayekuja. Tangu hapo kuta za namna hiyo zimekuwa zikiwekewa vizuizi vya mshazari, ili gari litelezeshwe pembeni badala ya kusimamishwa ghafla. Kama una nafasi, mwambie mwalimu wa zamu akupe ruhusa ya kukaa kwenye gari hilo la shule safari moja tu, uone kama mlango wa nyuma unafunguka kwa ndani.

#11 Mama wa Sengerema

Nimekwenda jana. Haufunguki. Kitasa kipo, lakini kiti cha nyongeza kimewekwa mbele yake. Nimeongea na dereva, hakubisha. Amesema hakuna mzazi aliyewahi kuuliza.

#12 Dereva wa Nyakato

Nimerudi, na sijalisahau swali langu la funguo. Nimezungumza na tajiri. Nilimsomea kisa cha Land Cruiser neno kwa neno, akanyamaza, kisha akasema ataniandikia karatasi kwamba nikikimbia moto nikaacha funguo, hatanidai gari wala mzigo. Ameitia sahihi jana jioni. Ninayo kwenye droo ya gari pamoja na leseni.

Sasa, kwa kuwa mmesema tukio lisiloua lielezwe na mhusika, naomba nieleze langu, ambalo sijawahi kumweleza mtu. Ilikuwa alfajiri, ninashuka mlima Sekenke nikiwa na marobota ya pamba. Nilichelewa kuingiza gia nzito, kwa sababu nilikuwa ninaharakisha kuwahi kupima mzigo, nikashuka kwa breki. Karibu na chini nilisikia harufu kama ya kitambaa kinachoungua, nikatazama kwenye kioo, nikaona moshi kwenye tairi la nyuma upande wa kushoto. Nilisimama pembeni. Dramu ya breki ilikuwa nyekundu, na kati yake na robota la kwanza palikuwa na kipande cha turubai kilichokuwa kimeanza kukunjamana kwa joto. Utingo wangu alikuwa amelala juu ya mzigo. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa nyuma ya kiti, chini ya nguo zangu, na pini yake ilikuwa imeshika kutu, ikachukua muda kutoka. Sikuutumia. Nilimwagia tairi maji tuliyokuwa tumebeba ya kunywa, tukasubiri kama saa nzima, tukaondoka. Nilimwambia tajiri kwamba tulichelewa kwa foleni ya mizani.

Fundi, naomba uniambie kama nimeeleza vya kutosha, au kuna swali ambalo sijalijibu.

#13 Fundi wa Upepo

Umeeleza vizuri kuliko mimi nilivyoijaza fomu yangu, kaka. Nina maswali mawili tu. Gari lililokuwa likishuka nyuma yako lilikuwa umbali gani, na je, dereva wake aliuona moshi kabla yako? Ninauliza kwa sababu baada ya moto wa mwaka 1999, madereva wanaopita Mont Blanc wanatakiwa kuacha mita 150 kati ya gari na gari wakiwa mwendoni, na mita 100 wakisimama, na ningependa kujua sisi pale Sekenke huwa tunaacha ngapi.

#14 Dereva wa Nyakato

Lilikuwa basi. Lilinipita nikiwa nimeshasimama, likanipigia honi mara mbili. Kabla ya hapo nilikuwa ninaziona taa zake zimejaa kwenye kioo changu chote, kwa hiyo sidhani kama zilifika mita 10.